Uvuli Kwanza, Jua Baadaye

Mtu anayeanza kupiga picha, awe ameshika kamera ya mamilioni au simu ya kawaida, hakosi kupewa nasaha tatu. Ya kwanza inamwambia jua liwe mgongoni mwake. Ya pili inamkataza kupiga mchana na kumtaka angoje ile inayoitwa saa ya dhahabu, yaani jua linapochomoza na linapokaribia kuzama. Ya tatu, kwa wanaopiga picha za watu ndani ya nyumba, humtaka amkalishe mhusika kando ya dirisha linaloangalia kaskazini. Zote tatu zina akili ndani yake, na zote tatu zina kwao. Kampuni ya Kodak ilipotoa kamera ya Brownie mwaka 1900, kwa bei ya dola moja ya Marekani, filamu za wakati ule zilipokea mwanga kwa uvivu na lenzi yenyewe ilikuwa hafifu, kwa hiyo mnunuzi alitakiwa kulipa jua kisogo, la sivyo picha ingetoka giza. Dirisha la kaskazini nalo ni urithi wa wachoraji wa Ulaya, na wapiga picha wa karne ya 19 waliufuata walipojenga studio zenye paa la kioo lililoinamia upande huo. Hoja ninayotaka kuitetea leo ni kwamba nasaha hizi zilifika kwetu bila kupimwa upya, na kwamba mpiga picha wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala angenufaika zaidi kama angejifunza uvuli kwanza, kisha ndipo ahangaike na jua.

Tuanze na jua lenyewe, maana hesabu zake hazina ubishi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni, ambayo kwa mji huo ndiyo adhuhuri yenye jua la chini kuliko zote za mwaka, jua bado husimama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Sasa tazama London. Siku hiyohiyo ndiyo siku ambayo jua lao hupanda juu kabisa, nalo hufika nyuzi 62. Kwa maneno mengine, jua lao la juu kupita yote linakaribia kulingana na jua letu la chini kupita yote. Ikifika Desemba, adhuhuri ya London ina jua la nyuzi 15 tu, na tangu mapema Septemba hadi mwanzoni mwa Aprili jua hilo haligusi nyuzi 45 hata siku moja. Sisi, katika siku za Machi na Oktoba, tuna jua lililo juu ya nyuzi 45 kuanzia kama saa tatu na robo asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, yaani saa sita hivi. Juni muda huo hupungua ukafika saa nne na nusu hivi, na hiyo ndiyo nafuu yetu kubwa kuliko zote. Nazitaja nyuzi 45 kwa kuwa hapo ndipo uso wa mtu unapoanza kuharibika pichani: paji linang'aa, nyusi zinamwaga kivuli ndani ya macho hadi yanakuwa mashimo, pua inaangusha doa jeusi juu ya mdomo, na shingo inapotea chini ya kidevu. Kumwambia mpiga picha wa Tanga saa saba mchana kwamba jua liwe mgongoni mwake ni kumpa kazi isiyofanyika, maana jua liko utosini, kwake na kwa anayempiga picha.

Atasema mtu, basi angoje jioni. Hapa ndipo saa ya dhahabu inapotuangusha, kwa sababu kwetu si saa. Jirani na Ikweta jua hushuka karibu wima. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama kabisa linatumia dakika 25 hivi, na haidhuru ni mwezi gani. London, Desemba au Juni, safari hiyohiyo ya nyuzi 6 inachukua dakika 50, kwa kuwa kule jua huteremka kwa mshazari. Isitoshe, mchana wao wote wa majira ya baridi una jua la chini linalopiga nyuso kutoka ubavuni, kwa hiyo mwenzetu wa kule akikosa dakika zile za mwisho bado hajakosa kitu kikubwa. Kwetu mtu akichelewa kwa foleni ya Ubungo au ya Thika Road, shughuli imekwisha. Bwana na bibi harusi wakitoka kanisani saa kumi, wakaganda na wazazi, wakapigwa picha na mashangazi wote, kisha wakapelekwa ufukweni, dakika 25 zile huliwa na kushuka kwenye gari na kutengeneza shela. Na hata wakiwahi, Oktoba na Novemba wingu la vuli linaweza kukaa juu ya upeo wa magharibi likameza kila kitu. Siukatai uzuri wa mwanga ule. Ninachokataa ni kuufanya nguzo ya kazi. Mpiga picha anayeutegemea huo peke yake anajinyima saa 11 za mchana ili afanye kazi kwa chini ya saa moja, asubuhi na jioni ukizijumlisha.

Dirisha la kaskazini lina kisa chake, na kisa hicho ndicho kinachotufundisha jinsi mwaka wetu wa mwanga unavyogeuka. Ulaya jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa mbingu peke yake, mwanga uliotulia, usiobadilika upesi. Sisi jua huvuka vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Dar es Salaam hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi, likaenda kukaa upande wa kaskazini kwa miezi saba, kisha likarudi kupita tena karibu na tarehe 10 Oktoba na kukaa kusini kwa miezi mitano iliyobaki. Maana yake ni kwamba dirisha la kaskazini lililosifiwa vitabuni ndilo linaloingiza jua kali la mchana mwezi Juni, na dirisha la kusini ndilo lenye utulivu. Desemba mambo hugeuka. Nairobi, iliyo nyuzi moja na kitu kusini mwa Ikweta, madirisha mawili hayo hugawana mwaka karibu nusu kwa nusu. Mtwara, kwa kuwa iko kusini zaidi, jua hukaa upande wa kaskazini karibu miezi minane. Na ndugu zetu wanaoongea Kiswahili kule Muscat, mji ulio karibu kabisa na mstari wa Tropiki ya Kansa, wanaweza kuishi na kanuni ile ya Ulaya bila shida kubwa, maana kwao jua hufika utosini katika siku za Juni tu na miezi mingine yote hubaki kusini. Kwa hiyo mwenye studio ya picha Kariakoo anayetaka kutumia mwanga wa mchana hahitaji dirisha moja takatifu. Anahitaji mawili, na pazia la kuhamisha mwezi Machi na mwezi Oktoba. Kuna na saa ya ukutani pia: adhuhuri ya jua ya Kigoma huja zaidi ya nusu saa baada ya ile ya Dar es Salaam ilhali saa zinasoma sawasawa, kwa hiyo ratiba ya mwanga iliyopangwa pwani haifai kupelekwa Ziwa Tanganyika kama ilivyo.

Sasa niseme kwa nini uvuli, na si jua, ndio unaostahili kuwa msingi. Vikaratasi vya maelekezo vilivyokuja na filamu za Kodak vilikuwa na jedwali dogo: jua kali, tundu la lenzi namba 16, uvuli ulio wazi kwa mbingu, namba 5.6. Tofauti ya namba hizo ni mara nane ya mwanga. Katika jua la adhuhuri, basi, uso mmoja unaweza kubeba sehemu mbili zilizotofautiana kwa mara nane au zaidi, na kamera inalazimishwa kuchagua itakayoiokoa. Ongeza rangi za vitu vyenyewe. Kanzu nyeupe juu ya mtu mweusi, au baibui jeusi kando ya ukuta wa chokaa, tayari ni tofauti kubwa hata kabla jua halijaingilia. Uvuli hauifuti tofauti hiyo, kanzu itabaki nyeupe na ngozi itabaki nyeusi, lakini unauondoa ule mzigo wa pili, wa upande ulioungua na upande uliozama. Kuna na jambo la ngozi ambalo halisemwi vya kutosha. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa vivuli. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo na kikali kama jua tupu, mng'ao unakuwa vidoa vya mafuta puani na kwenye paji. Chanzo kikiwa kipana, kama mbingu nzima inayoonekana kutoka barazani, mng'ao unatandazika taratibu kwenye shavu na taya, na mtu anaonekana alivyo. Viwanda vya filamu havikulifikiria hilo. Kwa miaka mingi maabara za Marekani zilipimia rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikaachwa zijitafutie. Wapiga picha wa Afrika ndio waliotafuta njia. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ya mteja kukiwa kumetundikwa shuka la kitanda, na leo picha hizo zimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Hakuwa na dirisha la kaskazini. Alikuwa na ua.

Lakini uvuli nao una aina, na hapa wengi huteleza. Kumwingiza mtu chini ya mwembe hakutoshi. Katikati kabisa ya mwembe mkubwa mwanga umekufa: unatoka pande zote kidogokidogo, umechujwa na majani, na uso unapata ukijani wa mgonjwa. Mahali pa kazi ni ukingoni, hatua moja au mbili ndani ya mstari ambapo uvuli unaanza, mhusika akiwa ameelekea nje kwenye mbingu iliyo wazi na giza la mti likiwa nyuma yake. Hapo paa la matawi linazuia mwanga wa utosini, ule unaochimba macho, na kuuacha ule wa mbele uingie. Baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu hufanya kazi hiyo bila kuombwa, na vichochoro vyake hufanya zaidi, kwa sababu ukuta mmoja unaopigwa na jua humulika ukuta wa pili ulio uvulini. Ila mwanga unaorudi kutoka ukutani hubeba rangi ya ukuta. Chokaa nyeupe haina neno. Duka lililopakwa rangi nyekundu ya kampuni ya simu humpaka mteja wekundu shavuni, na hakuna programu inayouondoa vizuri wekundu wa upande mmoja wa uso. Udongo mwekundu wa bara hupanda hadi chini ya kidevu. Mchanga mweupe wa Paje au Diani hupanda pia, lakini huo hufaa, kwa kuwa huangaza macho kutoka chini. Adui mkubwa ni turubai. Turubai la buluu la msibani au la sherehe huwafanya watu wote chini yake waonekane wamepigwa na baridi, na la rangi ya chungwa huwafanya wawe wamekaangwa. Kama una sauti katika kamati ya maandalizi, omba kitambaa cheupe. Kama huna, watoe watu ukingoni. Na siku za mbingu safi uvuli wenyewe huwa na ubuluu kidogo, kwa kuwa kinachoangaza hapo ni mbingu peke yake; kamera nyingi, na simu nyingi pia, zina mpangilio wa kurekebisha rangi kwa ajili ya uvuli, na watu wachache mno huugusa.

Wapo watakaosema kwamba huku kwetu mwaka hauna majira ya mwanga, kwamba siku za mwaka wote zinafanana. Urefu wa mchana, ni kweli, karibu unafanana: Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja. Mwanga ndio haufanani. Mwaka wetu unahesabiwa kwa mawingu, mvua na upepo. Masika, Machi hadi Mei, mbingu hufunga kwa siku nyingi pwani, na mtu akiweza kuilinda kamera na maji anapata mwanga mpana wa kutwa. Baina ya manyunyu hewa huwa imesafishwa vumbi, milima ya mbali ikaonekana kwa kingo zake. Kipupwe cha Juni hadi Agosti hugawa nchi vipande viwili. Pwani kuna kusi, jua la kaskazini lililopungua ukali, na vivuli virefu kidogo kuliko vya mwezi mwingine wowote. Nyanda za juu za Kenya zinafunikwa na utusitusi, na Nairobi ya Julai inaweza kupitisha siku nzima bila mtu kuona kivuli chake. Wengi huilalamikia, lakini ningekuwa na kazi ya kupiga picha za watu ningeiombea isiishe. Hata hivyo wingu lina hila yake. Mbingu iliyofunga kabisa huwa na mwanga mkubwa zaidi utosini kuliko pembeni, karibu mara tatu, kwa hiyo macho bado huingia ndani kidogo, na baraza inahitajika hata siku isiyo na jua. Miezi hiyohiyo, kusini na magharibi mwa Tanzania, moto wa nyika katika miombo huijaza anga moshi, na jua huwa duara jekundu kabla halijafika upeoni. Ni mwanga mzuri, wenye sababu isiyo nzuri. Vuli huleta mawingu ya alasiri yaliyopasukapasuka, ambayo ndiyo mwanga mgumu kuliko wote, kwa sababu dakika moja kuna jua na dakika ya pili hakuna, na anayepiga harusi nje anajikuta na picha zisizofanana kabisa. Hapo uvuli wa kuta humwokoa, maana hauyumbi sana. Kisha kaskazi, Desemba hadi Februari, pwani kuna joto na mng'aro mweupe baharini, na jua limeshahamia kusini. Baraza iliyokupendeza Julai huenda sasa ina jua hadi mlangoni.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wapiga picha wa habari na wa maisha ya mitaani, nao wanastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema kwamba maisha yetu hutendeka mchana: soko la samaki la Feri, shamba, kituo cha daladala, mafundi wa Gikomba. Anayelikimbia jua la mchana, wanasema, anatengeneza Afrika ya kadi za posta, ya twiga na jua jekundu. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli kwamba saa ya dhahabu imetuzidishia picha za utalii, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiabudu. Lakini hebu watazame watu wenyewe saa saba mchana. Waendesha bodaboda wako chini ya mti. Mama lishe yuko chini ya mabati yake. Wazee wanacheza bao upande wa ukuta usio na jua, na ukuta ukipata jua wanahama nao. Wachuuzi wamefungua miavuli. Maisha ya mchana katika ukanda huu yamekwisha kujipanga kuufuata uvuli kwa vizazi vingi, katika ujenzi wa baraza, katika upandaji wa miembe na mikungu mbele ya nyumba, hata katika upande wa barabara ambao watu huchagua kutembea. Mpiga picha anayeingia uvulini anaufuata umma ulipo. Anayebaki juani ndiye anayepiga uwanja mtupu.

Pingamizi jingine ni la kisasa: simu za leo huunganisha picha kadhaa kwa mpigo, zikapandisha vivuli na kushusha mwanga uliozidi, na baadhi ya watengenezaji sasa wanadai kuijali ngozi nyeusi, Google, kwa mfano, ilikuja na mfumo wake wa Real Tone mwaka 2021. Basi kwa nini mtu ahangaike na kuta na miembe? Jibu ni kwamba programu hupandisha kiasi cha mwanga, lakini haibadilishi mahali ulikotoka. Kivuli cha pua kikipandishwa kinabaki kivuli cha pua, ila sasa ni cha kijivu. Jicho lililokosa mwanga wa mbele halipati ile nukta nyeupe inayolifanya lionekane hai, kwa sababu nukta ile ni taswira ya mbingu au mlango ulio mbele yake, na kitu hicho hakikuwapo. Ngozi iliyopandishwa kwa nguvu hugeuka majivu. Kuhusu flashi, ndiyo, inajaza kivuli, na mafundi wazuri wanaitumia vyema. Lakini kushindana na jua la adhuhuri kunataka flashi yenye nguvu na betri nyingi, na kijana anayejitafutia riziki kwa kupiga picha za ufukweni Coco Beach hana fedha hizo. Kuta hazitozi kitu.

Nakiri kwamba kuna kazi ambazo mwanga mkali ndio mwenyewe. Picha za rangi nyeusi na nyeupe, maumbo ya majengo, kivuli cha ngazi kilichokatika ukutani, mstari wa wavuvi kutoka juu: haya yanautaka ukali na hayana haja ya huruma. Zile siku mbili jua linapopita utosini Dar es Salaam, mti wa nguzo husimama bila kivuli kwa dakika chache, muda mfupi baada ya saa sita mchana, na mwenye jicho anaweza kutengeneza kitu humo. Hata vidoa vya mwanga chini ya mti, ambavyo usoni ni balaa, vina ajabu yake. Ni vya mviringo hata kama nafasi baina ya majani si ya mviringo, kwa kuwa kila kidoa ni picha ya jua lililopita katika tundu dogo, jambo ambalo Ibn al-Haytham wa Basra alilichunguza miaka elfu moja iliyopita katika utafiti wake juu ya nuru na kuona. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, na watu wakakusanyika Rujewa, Mbeya, kulitazama likibaki pete, vidoa vya namna hiyo chini ya miti viliweza kuonekana vikiwa pete vilevile. Sasa hayo ni matumizi ya jua anayoyaweza mtu aliyekwisha kuuelewa uvuli. Anayeanza upande wa pili huchukua miaka akidhani kamera yake ni mbovu.

Nimalizie na sikukuu, kwa sababu ndizo zinazoleta wateja wengi kwa mara moja na ndizo zinazotupima. Krismasi haihami. Kila mwaka jua liko kusini, kwa hiyo upande wa kaskazini wa jengo lolote Dar es Salaam una uvuli mchana, na anayeujua upande huo mwaka huu anaujua hata baada ya miaka ishirini. Idd inafuata mwezi, nayo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua. Mwaka 2017 Idd el-Fitri iliangukia mwishoni mwa Juni, na watoto waliovaa nguo mpya walipata uvuli safi upande wa kusini wa kuta. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili, katikati ya masika, na shida ilikuwa kutafuta paa. Mwaka 2030 inatarajiwa mwezi Februari, katika kaskazi, na ule ukuta wa kusini wa mwaka 2017 utakuwa umejaa jua. Mpiga picha wa Idd asiyelijua hilo atawapanga watu palepale alipowapanga babake au mwalimu wake, kisha ashangae. Na katika viwanja vilivyo wazi kabisa, pasipo ukuta wala mti, kama ilivyo kwa viwanja vingi vya sikukuu, kilichobaki ni kuwageuza watu jua liwapige kisogoni, mmoja wao ashike kanga nyeupe au shuka mbele yao kurudisha mwanga, na kamera ipimwe kwa uso, si kwa mbingu. Mbingu nyuma yao itatoka nyeupe pe, na huenda mwenye familia akauliza buluu imekwenda wapi. Mwonyeshe macho ya watoto.